Nilifunga chip kwenye sufuria ili volkano isifute wimbo wa Mama Zawadi

Wakuu, salamu zenu popote mlipo, wa karibu na ziwa na wa mbali nalo.

Nawaletea jambo lililonipata mimi mwenyewe, hapa hapa Gisenyi. Ni kweli yote. Pale nitakapozidisha chumvi mtaionja wenyewe, sina haja ya kuwaficha.

Naomba tu msinicheke mapema. Wekeni akiba.

Kwa muda mrefu sana niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba memory yoyote ikivuka mpaka kati ya Goma na Gisenyi, mlima Nyiragongo unaifuta.

Sikuamini nusu nusu. Niliamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Ilianza hivi. Nilinunua flash upande wa Goma, karibu na barrière, kituo cha kuvukia mpaka, muuzaji kaniambia imejaa filamu mpaka mdomoni. Nikafika nyumbani, nikachomeka kwenye kompyuta. Tupu! Tupu kama kanisa Jumatatu mchana.

Nikavuka tena kwenda kumfokea. Jamaa hakukasirika hata kidogo, akaniangalia kwa huruma kama daktari.

"Grand, uliipitisha mu mufuko hivi hivi? Bila kuifunga? Yayaya! Ule mulima iko na moto ndani, moto iko na sumaku, sumaku inafutaka memori. Watu wote wa hapa wanajuaka."

Wakuu, nilimwomba msamaha.

Sasa mtauliza, huyu mtu hakusoma? Nilisoma! Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni, elektroniki na kompyuta. Mchana natengeneza redio na simu, jioni niko darasani nimeshika soldering iron kama padri aliyeshika chetezo. Nilimaliza nikiwa wa kwanza.

Binamu yangu Patient, ambaye ni fundi wa Goma na alikuwa anavuka kila jioni kuja kusoma nami, anasema yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Tumebishana miaka. Ukweli ni kwamba waliomaliza tulikuwa wawili.

Shikeni hapo hapo kwenye ubishi wetu, ndipo mkasa ulipozaliwa.

Kwaya yetu ina watu wa pande zote mbili za mpaka. Jumapili hii tunaimba Gisenyi, Jumapili inayofuata Goma. Muziki wa kusindikiza sauti tulikuwa tunapiga kutoka kwenye kisanduku kimoja, mashine ya zamani ya kurekodia sauti, niliyoiokota kwenye soko la Mahoko kwa mtu anayeuza mabaki ya redio. Ilikuwa imekufa kabisa. Mfumo wake wa kiwandani ulishaoza, ila bodi ilikuwa hai, na juu ya bodi kuna chip ya flash imechomelewa, kubwa ya kutosha nyimbo zote za kwaya na matangazo ya parokia.

Mimi na Patient tukaamua kuiwekea Linux. Mfumo unakaa kwenye memory card ndogo inayochomekwa pembeni, nyimbo zinakaa kwenye ile chip ya ndani.

Hapa naomba nitulie kidogo niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa kwa nini nilipigwa kofi la mgongoni na mwanamke kibandani kwangu.

Ukichomeka flash ya USB, yenyewe inajitambulisha. Ni mgeni mwenye adabu, anabisha hodi, anasema jina lake na kilichomleta. Lakini controller, kile kidhibiti cha flash iliyochomelewa kwenye bodi, ni bubu. Kernel, ndiyo roho ya Linux, inaamka asubuhi, inatazama kushoto, inatazama kulia, haijui kama pale kuna flash au kuna ukuta.

Kwa hiyo ni lazima mtu aikalie chini aiandikie maelezo. Faili la maandishi ya kawaida, linaitwa device tree. Ndani unaeleza: controller iko anwani hii, driver, programu ya kuiendesha, ni fulani, chip imefungwa kwenye mguu huu, mambo yake yako hivi na hivi.

Ni kama unavyomwelekeza motari, dereva wa pikipiki, kwa simu aje nyumbani kwako. "Panda, pita kwa muuza brochette za mbuzi, geti la bluu, usipige honi kuna mtoto mchanga." Motari hana macho ya kwenu. Anaamini unachomwambia. Ukimwambia geti la kijani atakwenda kugonga geti la kijani, na atagonga kwa bidii.

Driver naye ndivyo alivyo. Hana akili ya kukuhoji.

Sasa katika maelezo hayo kuna mstari mmoja ambao nauandika hapa kwa unyenyekevu:

nand-ecc-strength = <4>;

Hiyo ECC ni nini? Wanaonunua sambaza, dagaa wa ziwa letu, sokoni watanielewa haraka. Mama anakupimia samaki, halafu anakuongezea matabishi, kiganja kidogo cha juu, ili kama kuna walioharibika chini ya kikapu usilie. Chip za flash zinaharibikaga vijisehemu, ni maumbile yake. Kwa hiyo controller ikiandika data, pembeni inaweka matabishi: hesabu za ziada za kurekebishia pale palipoharibika. Hiyo namba ndiyo inasema matabishi ni kiasi gani.

Karatasi ya chip ilisema: angalau nne.

Mimi ni mtu wa kutii maandishi. Nikaandika nne.

Patient aliandika ngapi? Sikujua. Hakuniambia, na mimi sikumwambia. Kila mmoja wetu alitengeneza kadi yake mwenyewe, na kila mmoja alificha faili lake kama mama mkwe anavyoficha siri ya kupika isombe yake. Wa kwanza wa darasa hawezi kumwonyesha wa pili daftari. Na yeye alifikiri hivyo hivyo, kwa upande wake.

Basi kisanduku kikaanza kazi. Wakuu, kiliimba! Jumapili ya kwanza Gisenyi watu walisimama. Nilitembea wiki nzima nimeinua kidevu.

Wiki iliyofuata mwenzetu mmoja wa sauti ya chini akakibeba kwenda Goma. Jioni Patient akapiga simu.

"Cousin, hii kintu iko tupu."

"Tupu vipi?"

"Nyimbo hakuna. Iko inalia error tu."

Nikakumbuka flash yangu. Nikakumbuka yule bwana wa barrière. Nikamwambia Patient kwa sauti ya msiba, "Ni mulima."

Akashusha sauti. Kisha akasema, "Mi nilisikiaka hiyo habari. Sikutaka kuamini."

Akaformat chip, yaani akaifuta yote, akajaza nyimbo upya kutoka kwenye kopi zake, ikaimba Goma vizuri sana. Ikarudi Gisenyi. Nikawasha kwa kadi yangu. Error -74, error -74, error -74, skrini nzima kama mvua ya mawe kwenye mabati. Nami nikaformat, nikajaza upya, ikaimba.

Ikawa ndiyo maisha yetu. Ikivuka inafutika. Isipovuka haifutiki. Mnataka ushahidi gani zaidi? Hata mahakamani ningeshinda hiyo kesi bila wakili.

Wanakwaya wakakipa jina: Msahaulifu.

Mimi sasa nikageuka mtaalamu. Nilisimama mbele ya kwaya nzima na mchoro wa volkano, mishale myekundu inatoka kileleni inaingia kwenye chip. Nikaeleza sumaku ya moto. Walipiga makofi. Kuna mama mmoja wa Cyanzarwe aliomba nirudie sehemu ya mishale. Habari ikafika mpaka Kanzenze, watu wananiuliza kama ni salama kuvuka na simu yenye picha za arusi.

Nikawaambia wafunge na foil. Msinitazame hivyo.

Msahaulifu naye tukaanza kumfunga. Foil moja. Haikusaidia. Foil mbili. Haikusaidia. Nikaongeza sufuria ya aluminiamu, kifuniko kimebanwa na mpira wa baiskeli. Patient akaja na wazo lake kwamba mbebaji atembee kinyumenyume, mlima usimwone uso. Yule wa sauti ya chini alijaribu. Alitembea kinyumenyume kama hatua ishirini pale Petite Barrière akakalia beseni la nyanya la mtu.

Afisa akamwuliza, "Na mu hiyo sufuria munapika nini?"

"Nyimbo, chef."

Akaachwa apite bila swali la pili. Nadhani walimwonea huruma.

Halafu tukatunga sheria kubwa kuliko zote, na ndiyo nawaomba muikumbuke: kadi ya mfumo haivuki. Kamwe. Kadi yangu inalala Gisenyi, kadi ya Patient inalala Goma. Chip ni tumbo, likifutika tunalijaza. Kadi ni akili. Akili ikifutika tunarudi wote shule ya jioni.

Nilijiona nina hekima isiyo na mfano.

Sasa aingie Mama Zawadi.

Mama Zawadi anauza sambaza. Anatoka Gisenyi alfajiri na beseni kichwani, jioni anarudi na beseni tupu na habari za Goma nzima. Ndiye mwimbaji wetu mkuu. Sauti yake, wakuu, akianza beti ya kwanza hata watoto wanaochezea viatu chini ya viti wanaacha.

Mdomo wake pia ni mkuu. Kila akiniona: "We ingénieur ya redio, hii kintu yako inasahau kuliko bwana yangu. Na bwana yangu alisahau siku ya ndoa yetu."

Binti yake Zawadi alikuwa anaolewa. Kwao kuna desturi, mama anamwimbia binti siku anapotoka nyumbani, wimbo ambao mama ameutunga mwenyewe na binti hajawahi kuusikia. Bibi yake alimfanyia mama yake, mama yake akamfanyia yeye.

Lakini Mama Zawadi alikuwa na uvimbe wa koo, na madaktari wa Goma wakampa siku ya kupasuliwa, nayo ilikuwa wiki moja kabla ya arusi. Wakamwambia baada ya hapo hakuna kuimba kwa muda mrefu, hata kusema asiseme kwanza. Na sauti ikirudi, inaweza isirudi ile ile.

Kwa hiyo akaamua kurekodi wimbo kabla ya kupasuliwa. Siku hiyo Msahaulifu alikuwa Goma, ambako Mama Zawadi ana dada wa kumuuguza. Patient akaandaa kila kitu.

Nikapiga simu. Nikamwambia, "Patient, rekodi, halafu nitumie kopi kwa WhatsApp, sababu ya mulima."

Nikasikia Mama Zawadi nyuma anapiga kelele: "Apana! Hakuna simu! Isibaki kwa simu ya mutu!"

Alikuwa na sababu. Siku za nyuma mtu alimrekodi kwa simu kanisani, wimbo ukasambaa, na wiki moja baadaye akaukuta unapigwa kwenye baa kule Birere, mtaa wa Goma. Kilichomuuma si baa. "Walevi walikuwa wanaitikia," alituambia, "na sauti ya pili walikuwa wanaikosea!"

Safari hii akamwapisha Patient. Kopi moja tu, ndani ya Msahaulifu. Wa kwanza kuusikia awe Zawadi.

Patient akaapa. Akarekodi. Akazima. Akafunga foil tatu na sufuria.

Mama Zawadi akapasuliwa, Mungu ni mwema, akapona salama. Ijumaa, siku moja kabla ya arusi, akavuka mwenyewe. Hakukubali mtu mwingine abebe. Kitambaa shingoni, sufuria kichwani, kimya.

Ninyi hamjui ukimya wa Mama Zawadi ni kitu gani. Sokoni watu walikuwa wanamsogelea kuangalia kama ni yeye.

Alikuwa ametunga lugha yake. Kofi moja ni ndiyo. Makofi mawili ni hapana. Kofi mgongoni mwako ni matusi.

Akaketi kwenye stuli yangu, kwenye kibanda changu cha redio. Nikafungua sufuria, nikafungua foil moja, ya pili, ya tatu, kama mtu anayemenya kitunguu. Nikachomeka kadi yangu. Nikawasha.

Error -74. Error -74. Error -74.

Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu, "Usijali mama, ni ya kawaida, mulima umefanya yake. Nafuta, najaza upya."

Na vidole vyangu, wakuu, kwa mazoea tu, vikaandika ile amri ya kuformat. Ilikuwa tayari kwenye skrini. Kidole cha Enter kiko hewani.

Ndipo nikajiuliza: najaza upya na nini?

Nikageuza shingo. Mama Zawadi hajui kusoma maneno ya skrini, ila uso wangu aliusoma vizuri kuliko kitabu cha nyimbo.

Akapiga makofi mawili. Pa, pa!

Nikatoa mkono kwenye keyboard kama vile imewaka moto.

Nikampigia Patient. "Imefutika."

"Haiwezekani! Niliweka foil tatu!"

"Imefutika, cousin. Wimbo wa mama."

Kisha akasema, "Donc... uirudishe huku. Pengine sauti imebaki mupakani, ikirudi itaingia tena."

Nikamwambia aache ujinga. Nikamweleza kisayansi kabisa kwamba ikivuka mara ya pili hata chip yenyewe itayeyuka.

Wakati tunabishana nani alifunga vibaya, Mama Zawadi alisimama, akanipa lile kofi la tatu, la mgongoni, akatoka. Nilidhani amekwenda kulia.

Alirudi anamburuta mtu kwa mkono. Mwalimu Consolata!

Mwalimu Consolata ndiye aliyetufundisha shule ya jioni kabla hajahamia Kigali. Amekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka mpaka ukimsikiliza unajiona umevaa shati bila kulipiga pasi. Alikuja kwa ajili ya arusi, maana ndiye mama wa ubatizo wa Zawadi. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea kwa heshima, nimwonyeshe mafanikio yangu. Akanikuta na sufuria mezani na foil mpaka kwenye nywele.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sufuria hii ni ya nini?"

"Ni kinga, mwalimu."

"Kinga ya nini?"

Nikatazama chini. "Ya Nyiragongo."

Hakucheka. Ingekuwa nafuu angecheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa mshanana, vazi la sherehe alilokuwa analijaribisha alipoburutwa, akaivaa tena, akatazama skrini kwa muda.

"Umeformat?"

"Bado."

"Mungu mkubwa. Nani aliiandikia kernel maelezo ya hii controller?"

"Mimi."

"Na wimbo ulirekodiwa kwa kadi ipi?"

"Ya Patient. Iko Goma."

"Kwa nini haikuja na kisanduku?"

"Kadi haivuki, mwalimu. Ni sheria."

"Sheria ya nani?"

Mama Zawadi akaninyooshea kidole.

Mwalimu akachukua simu yangu ambayo bado ilikuwa hewani. "Patient, ni Consolata. Hujambo? Faili lako la device tree, pale kwenye nguvu ya ECC, umeandika ngapi?"

Nilimjua binamu yangu. Alikuwa anafikiria kama aseme siri mbele yangu.

"Patient!"

"Huit, mwalimu. Nane. Mi siko mubahili kama huyo."

"Karatasi ilisema nne!" nikapayuka.

"Ilisema *angalau* ine! We unasomaka nusu!"

"Nyamazeni wote wawili," akasema mwalimu. "Wote mko sahihi, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Nne ingefanya kazi. Nane ingefanya kazi. Lakini Patient anaandika na matabishi ya nane, wewe unakuja kusoma ukitafuta ya nne. Controller inahesabu, inaona hesabu haziingiani, inasema kikapu kizima kimeoza. Haijafutwa. Umeambiwa haisomeki, hukuambiwa haina kitu."

Nikasema kwa sauti ndogo sana, "Lakini kila ikivuka..."

"Kila ikivuka mnabadilisha kadi."

Wakuu.

Kuna wakati mtu anatamani kibanda chake kiwe na mlango wa nyuma.

"Na mngeirudisha Goma kama Patient alivyosema," akaongeza, "ingeimba."

Kwenye simu nikasikia kicheko cha Patient. Anacheka mpaka leo, na atakuwa anasoma uzi huu. Patient, hukujua ni kwa nini! Ulisema sauti imebaki mpakani!

Tukarudi kwenye kazi. Nikafungua faili langu, mwalimu yuko nyuma yangu upande wa kushoto, Mama Zawadi upande wa kulia, nikiwa katikati kama mshtakiwa. Nikafuta nne. Nikaandika nane. Tarakimu moja tu! Nikacompile, nikaiweka kwenye kadi, nikachomeka, nikawasha.

Mistari ikaanza kupanda. Nilikuwa nangoja mvua ya mawe. Haikunyesha. Chip ikapatikana, ikafunguka, na ndani, baada ya nyimbo za kwaya, kuna faili moja jipya.

Nikabonyeza.

Kwanza upepo wa spika. Halafu sauti ya Mama Zawadi, ile ile ya zamani, nzima, kali kama pilipili: "Patient, iko inarekodi? Iko? Juu ya nini unaniangalia hivyo, angalia mashine!"

Kisha akavuta pumzi ya kuanza beti.

Na Mama Zawadi aliyekuwa pembeni yangu akakizima kisanduku kwa kiganja, paf! kama anaua mbu. Akatutazama mmoja mmoja. Makofi mawili.

Wa kwanza kuusikia ni Zawadi. Sisi tukaacha hapo hapo.

Alishika kitambaa chake cha shingoni kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukabaki juu ya kisanduku muda mrefu. Kisha akakumbuka, akageuka, akanipiga kofi jingine la mgongoni.

Kesho yake tukapiga wimbo ule mbele ya nyumba, Zawadi amesimama mlangoni tayari kutoka. Hatukukata ile sehemu ya mwanzo. Watu waliposikia "angalia mashine!" walicheka mpaka bwana arusi akashika ukuta, na Zawadi alikuwa anacheka pia, halafu beti ikaanza na kicheko kikaisha. Mama yake alisimama mbele yake ameshika mikono yake yote miwili. Midomo yake ilikuwa inafuata kila neno, bila sauti, na hakupotea hata mahali pamoja.

Sauti ya pili tuliimba sisi kwaya. Tulijitahidi sana tusikosee.

Wakuu, nimalizie kwa niliyoyaokota humo.

Kama mko wawili mnaoandikia kernel maelezo ya bodi moja, andikeni faili moja. Moja! Liwe mezani, kila mtu alione. Vifaa havina shida na namba yako wala namba ya mwenzako, shida yake ni pale kila mmoja anapokuwa na ya kwake mfukoni. Sasa kadi yetu ni moja, inavuka na kisanduku, bila foil. Sufuria nimemrudishia mke wangu, ambaye alikuwa anaitafuta tangu zamani na hakujua ilikuwa inafanya kazi ya kanisa.

Mlio na mikasa yenu ya driver, ya ECC, ya namba moja iliyowalaza na njaa, mwageni hapa chini tucheke pamoja. Na kama kuna mtu wa Kanzenze bado anafunga simu yake kwa foil kwa ushauri wangu, ndugu yangu, fungua tu.

Ah, nusura nisahau.

Pale arusini, baada ya chakula, nilimfuata Mwalimu Consolata. Bado kulikuwa na kitu kimoja kinanichoma. Msahaulifu sawa, nimekubali. Lakini ile flash yangu ya kwanza kabisa, yenye filamu? Ile haikuwa na device tree, haikuwa na Patient, haikuwa na kadi mbili. Ilivuka tu mpaka mfukoni mwangu, ikafika tupu. Hiyo nayo aieleze!

Aliweka Fanta yake chini.

"Uliichomeka mahali popote kabla ya kuvuka, ukaziona hizo filamu?"

"Hapana."

"Basi alikuuzia flash tupu."